Kikao cha Barakoa za Wadogo

Mke wangu ni Mkerewe, na akitaka kunichokoza huniita nshomile. Kwa Kihaya neno hilo maana yake ni "nimesoma", basi. Lakini Watanzania wengine wamelichukua na kutuvika Wahaya wote: mtu wa kujisikia, mtu anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza, mtu asiyeweza kuagiza chai bila kutoa hotuba. Mimi niliishia kidato cha nne, na cheti changu hakina alama ya kumwonyesha mgeni. Hata hivyo, kwenye visiwa vya Muleba, ambako nimefanya biashara ya dagaa kwa vipindi vingi vya maisha yangu, jina hilo lilikuwa likinitangulia kushuka kwenye mtumbwi. Kwa miaka mingi nililikwepa. Nilianza kulipenda wakati wa korona, kwa sababu ya kikao kimoja kilichofanyika kijijini kwetu, upande wa Maruku, kuamua kama watoto wa chekechea wavae barakoa au wasivae.

Mimi ni mtu wa kutotulia. Nimekaa Karagwe, nimekaa Mwanza, nimepanga chumba mtaa wa Bakoba mjini Bukoba na kukihama kabla sijakizoea, nimenunua kahawa Izimbya na kuiuza nikaondoka na kikapu kile kile nilichokuja nacho. Nikiwa ziwani nawaza kibanja cha mama yangu, migomba ilivyosimama imezunguka nyumba na giza lake la kijani hata saa sita mchana. Nikiwa kibanjani nawaza ziwa. Mama alikwisha kuacha kuniuliza nitakaa mpaka lini. Akiniona na begi, alikuwa akiuliza tu kama nimekula.

Binti yetu alizaliwa kisiwani. Mke wangu alikuwa na mgahawa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na mtoto alikulia chini ya meza zake, katikati ya miguu ya wavuvi, kelele za injini na redio tatu zinazoimba nyimbo tofauti. Umri wa kusema ukafika, ukapita. Alikuwa na "mama", alikuwa na "maji", na alikuwa na sauti moja ya kuvuta hewa iliyomaanisha samaki. Mengine yote alionyesha kwa kidole. Tulimpeleka hospitali mjini Bukoba tukiogopa kwamba hasikii. Daktari alimpima, akatuambia masikio ni mazima.

"Msemesheni akiwa anawaangalia mdomo," alisema. "Na mpelekeni mahali penye watu wanaoongea."

Mke wangu alinigeukia pale pale mbele ya daktari. "Kwenu," akasema.

Ndivyo binti yetu alivyohamia kwa mama yangu, akaandikishwa chekechea ya kigango. Kigango chetu ni kanisa dogo la kijiji. Padre huja akipata nafasi, na siku nyingine katekista anaongoza sala. Pembeni yake wazazi walijenga chumba kimoja cha matofali, wakapata mwalimu, binti wa kijijini hapo hapo mwenye subira ya ajabu. Mwalimu huyu alikuwa na njia yake. Alichana jani kavu la mgomba ukanda mwembamba kama utepe, akaushika mbele ya midomo yake, akasema "pa". Ukanda ukaruka. Akasema "ma". Ukanda ukatulia. Halafu akaushika mbele ya midomo ya binti yangu na kungoja. Mama alinisimulia kwenye simu kwamba alingoja hivyo wiki kadhaa, kila asubuhi, mtoto akimkodolea macho tu. Kisha siku moja ukanda ukaruka.

Baada ya hapo maneno yakaanza kuja, moja moja, kama wageni wanaofika kwenye sherehe kabla ya wakati. "Paka." "Panga." "Baba," ambalo nililisikia kwenye simu nikiwa nimesimama kwenye maji ya magoti, na nikamwomba mama arudie kumpa simu mara nyingi mpaka salio likaisha.

Ndipo korona ikaja. Shule zikafungwa, na zilipofunguliwa tena, kila mahali paliwekwa masharti. Kwetu waliweka vibuyu chirizi vya kunawia mikono, jambo ambalo kila mtu alilikubali, na kamati ya chekechea ikapitisha kwamba hakuna anayeingia bila barakoa, mwalimu, mzazi wala mtoto. Walifanya hivyo kwa nia njema. Kijiji chetu kina wazee wengi wanaolea wajukuu, kwa sababu watu wa umri wangu tuko Mwanza, Dar es Salaam na visiwani. Barakoa za kitenge zilishonwa, nyingine ndogo kama ganda la yai.

Mama alinipigia. Hakuwa na desturi ya kupiga yeye.

"Tata," alisema, kwa maana mama wa kwetu humwita mwanawe wa kiume baba, "mtoto amenyamaza tena."

Niliiacha biashara kwa mke wangu, nikavuka kwenda bara, nikapanda gari Muleba kuelekea kaskazini. Asubuhi iliyofuata nilimpeleka binti yangu chekechea mwenyewe.

Alivaa barakoa yake bila kulia. Hicho ndicho kilichoniumiza. Wengine walikuwa wakizivuta, wakizinyonya, wakizivaa kichwani kama kofia za maaskofu, lakini yeye aliivaa sawasawa, na nyuma yake hakujaribu kusema hata kidogo. Mwalimu naye alikuwa amefunikwa. Alimwinamia, akasema kitu, na binti yangu akawa anamwangalia macho, kisha paji la uso, kisha masikio, akitafuta mahali sauti inapotokea. Ukanda wa jani ulikuwa umechomekwa kwenye ufa wa dirisha. Hauwezi kuruka mbele ya kitambaa.

Lakini siwezi kusema kwamba siku ile sikucheka. Mlangoni alisimama mjumbe wa kamati, mama mmoja mwenye sauti kali, kukagua barakoa. Nilikuwa nimesimama kando, nikaona mtoto mwenye barakoa ya pundamilia akiingia. Baada ya kidogo akaingia mwingine mwenye barakoa ya pundamilia. Kisha wa tatu. Nilizunguka nyuma ya chumba nikakuta dirisha la upande wa migomba, na ndani ya dirisha mkono mdogo ukiipitisha barakoa nje kwa anayefuata, imelowa mate. Wale waliosahau zao nyumbani walikuwa wamejipanga vizuri kabisa, wakingoja zamu. Tangu wanazaliwa tumewafundisha kwamba mtoto mwenye adabu hali peke yake, akiwa na muwa anauvunja, akiwa na senene anawahesabia wenzake. Walikuwa wakifanya tulichowafundisha.

Nilimwambia mjumbe.

"Usinidanganye," akasema. Akaenda kuangalia. Alirudi amejiziba mdomo kwa kiganja juu ya barakoa, mabega yakimtikisika. "Kumbe ndiyo maana nilikuwa nawaza, huyu fundi wa pundamilia amepata wateja."

Jioni ile nilikwenda kwa katekista kumwomba mtoto wangu aruhusiwe kuvua. Aliniambia hawezi kumruhusu mmoja. Akimruhusu wangu, kila mzazi atakuja na sababu yake, na sababu zote zitakuwa za kweli. Alichoweza ni kuitisha kikao. Akanipa onyo la kirafiki: ikiwa kikao kitakataa, itanibidi nimvalishe au nimwondoe. Hapakuwa na chekechea nyingine ya karibu, na mwalimu mwingine wa namna ile sikumjua popote.

Siku ya kikao tulikaa nje, kwenye nyasi mbele ya kigango, tumeachana nafasi, mabenchi yamepangwa kama meno ya mzee. Kila mtu alikuwa na barakoa, ingawa wengine waliiteremsha kidevuni kila walipotaka kusema na kuipandisha walipomaliza, kinyume cha inavyotakiwa. Bwana afya wa kata alikuwa amekuja na pikipiki yake. Mama alikaa mbali, kwenye kigoda alichokibeba mwenyewe, kwa sababu kifua chake kilikuwa na pumu ya miaka mingi.

"Tumekutana kwa jambo moja," katekista alianza. "Siyo mipaka ya mashamba, siyo michango. Barakoa za wadogo. Kila mtu aseme kwa kifupi."

"Kifupi cha wapi?" akauliza mzee mmoja. "Cha hapa kwetu, au cha kwa watu wengine?"

Mwalimu mstaafu aliyenifundisha mimi hesabu alisimama kwanza. "Kabla ya yote, lazima tujiulize barakoa ni nini," akasema, na kikao kizima kikatoa sauti moja ya kuchoka. Hakujali. Alitupeleka kwenye pua na mapafu, akarudi kupitia ndui ya zamani, na nadhani angefika kwenye Biblia kama mama mmoja kijana hangeinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Mwanangu alikwenda na barakoa ya maua. Akarudi na ya samaki, na mafua yasiyokuwa yake. Mimi sijasoma mapafu. Nauliza tu, hiyo inazuia nini?"

Watu wakacheka. Mwalimu mstaafu akakaa, lakini kwa heshima, akisema lile ni swali zuri na angelifikia.

Kisha akasimama jirani yetu, mjane. Mume wake alikuwa amekohoa siku chache, akazidiwa, akafa, na hakuna aliyemwambia ni nini. Tulimzika watu wachache, tukiwa tumesimama mbali mbali.

"Mimi sitaki kucheka," alisema. "Mtoto hajui amebeba nini. Anakuja anakukimbilia, anakukumbatia. Ndivyo alivyo. Kama kitambaa kinazuia hata kidogo, avae, hatakufa kwa kuvaa. Mnasema watoto wanabadilishana. Wafundisheni. Mbona tuliwafundisha ishara ya msalaba?"

Hakuna aliyemkatiza wala kumzomea, na hilo lilinifurahisha, ingawa alikuwa akisema dhidi yangu. Nimekaa kwenye vikao vingi mwaloni ambako mwenye injini kubwa ndiye mwenye hoja. Hapa hoja ilipimwa kwa uzito wake yenyewe. Wanakijiji wangu, ambao wengi wao wanapalilia migomba na kuchuma kahawa ya kwao wenyewe, walikaa wakifikiri.

Katekista alimpa nafasi bwana afya.

"Nitasema ninachokijua," alisema, "na nisichokijua nitasema sikijui. Barakoa inasaidia ikiwa kavu, ikiwa ya mtu mmoja, ikiwa imefunika pua. Kwa mkubwa na kwa wanafunzi wakubwa, hilo linawezekana. Kwa mtoto wa miaka minne, asubuhi hii nimepita hapo ndani, sijaiona hata moja ya namna hiyo. Nasikia nchi nyingine wanaanzia miaka miwili, nyingine wanasubiri mpaka sita. Maana yake hata walioko juu yangu hawajakubaliana. Mama," akamgeukia mjane, "hofu yako siyo ya ujinga. Mimi mwenyewe nina mama. Lakini hapa tuna uwanja, tuna upepo wa ziwa, tuna maji. Watoto wakisomea nje, nadhani tutapata zaidi kuliko tunachokipata kwenye vile vitambaa vilivyolowa."

"Unadhani," akasema mjane.

"Nadhani. Ningesema najua ningekuwa nakudanganya."

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, na yote yakanipotea. Nilisema kwamba binti yangu alikuwa hasemi, kwamba mwalimu alikuwa amemfungua, kwamba sasa amefungwa tena. Nilieleza habari za ukanda wa jani. Sikuieleza vizuri.

"Sasa si tuonyeshwe," akasema yule mzee wa "kifupi cha wapi". "Mtoto yuko hapo."

Mwalimu akaleta ukanda, akamvua mtoto barakoa, akapiga goti mbele yake. Kikao chote kikainama mbele kutazama. Binti yangu aliwaangalia watu wale wote waliofunikwa nyuso, akageuka, akaficha kichwa kwenye suruali yangu na kubaki humo.

"Hata mimi ningeogopa," mtu akasema. "Mnafanana na majambazi wa benki."

Wakacheka tena, na mimi nikaona jambo langu linazama. Katekista alikuwa anajikuna shingo kama mtu anayetafuta namna ya kukataa bila kuumiza. Ndipo mama akasimama, mkono mmoja kwenye kigoda.

"Waitu," alisema, neno letu la heshima kwa walio mbele yako. "Mzee anayesemwa hapa ni mimi. Kifua changu mnakijua, mnakisikia hata tukiwa kwenye rozari, mnadhani ni mtu anapuliza moto. Kama ni kuogopa, nianze mimi. Na naogopa. Lakini mimi nimekwisha kusema. Nimesema miaka yote hii. Nimegombana na nusu yenu mliokaa hapa, na nusu nyingine nimewasengenya."

"Ni kweli," akasema mzee.

"Nyamaza, wewe uko kwenye nusu zote mbili. Nimesema ya kwangu yakaisha, nikaanza kuyarudia. Huyu mtoto hajasema hata moja. Hamwezi kumfunika mdomo ndiyo kwanza anaufungua, halafu mkasema mnafanya hivyo kwa ajili yangu. Kama ni kwa ajili ya mzee mwingine, sawa, nitakaa kimya. Kwa ajili yangu, hapana."

Alikaa. Alikuwa ameishiwa pumzi, na kwa muda tulimsikia akiitafuta. Mimi ni mtoto wake wa tatu, nimemsikia akiongea maisha yangu yote, lakini sikuwahi kumsikia akiongea hivyo, mbele ya watu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni, ili bwana afya ambaye si Mhaya asipitwe na neno.

Mjane alijibu polepole. "Basi kaa mbali naye. Mtoto avue, ila asilale nyumba moja na wewe, asile sahani yako, asikukumbatie. Na iwe hivyo kwa kila nyumba yenye mzee. Hilo nitalikubali."

"Nitakaa mbali naye," mama akasema.

"Na nani atamlea?"

Hapo ndipo nilipohisi macho. Niliinua mkono.

"Huyu?" Mtu wa benchi la nyuma alisema kwa sauti ya huruma. "Huyu hajawahi kuona kahawa ya kwao ikitoka kwenye maua mpaka ikaanikwa juani."

"Alikuja msiba wa shangazi yake akaondoka kabla ya sala ya mwisho," mwingine akaongeza.

"Gari lilikuwa linaondoka," nikasema.

"Magari yako huwa yanaondoka."

"Nitakaa," nikasema. "Nyumba ndogo ile ya vijana ipo. Nitakaa na mtoto wangu humo, mama atakaa kwake. Mpaka katekista aseme inatosha."

Mjane alininyooshea kidole. "Ukiondoka katikati," alisema, "mimi mwenyewe nitakwenda kumvalisha."

Wakakubaliana. Watoto walio chini ya miaka sita wasilazimishwe, ila mzazi anayetaka wake avae asizuiwe, na ile ya kwake iwe na alama asimpe mwenzake. Wakubwa wote waendelee kuvaa. Masomo yahamie uwanjani, kila mtoto na jamvi lake, na mwenye kikohozi abaki nyumbani hata akilia. Mwalimu afunue uso wakati wa kufundisha sauti tu, akiwa amesimama upande ambako upepo unamtoka kwenda kwenye migomba. Sharti hilo la mwisho lilitoka kwa mwalimu mstaafu, na lilichukua muda mrefu kuliko yote mengine kwa sababu alitaka kwanza tukubaliane upepo wetu unavuma kutoka wapi. Jua lilikuwa limelala tulipomaliza. Hakuna aliyeshinda kwa kupiga kelele, na mjane na mama walisindikizana njiani, mmoja kando hii ya barabara na mwingine kando ile.

Watu husema Wahaya tunajisikia. Siku ile nilijisikia.

Basi nikakaa. Nyumba ya vijana ilikuwa ng'ambo ya kiwanja, mlango kwa mlango na nyumba kubwa. Nililala humo nilipokuwa kijana nikingoja siku ya kuondoka, na sasa niliifagia kwa ajili ya kubaki. Nilipika, na mama aliongoza upishi wangu kutoka mlangoni kwake. "Hizo ndizi umezimenya au umezichonga?" "Funika hilo sufuria, hayo maharage si ya maonyesho." Mke wangu alikuwa akipiga kutoka kisiwani kila jioni, nyuma yake injini na zile redio tatu. "Nshomile," aliniuliza, "umekuwa yaya?" Nikamwambia nimekuwa yaya mwenye kidato cha nne. Alicheka, kisha akaniambia nisiondoke, yeye atashika biashara, dagaa hawana haraka ya kunikumbuka.

Miguu ilinisumbua, sitaficha. Kulikuwa na asubuhi ambazo upepo ulileta harufu ya ziwa na nikajikuta nimesimama barabarani bila kujua nimetoka nyumbani saa ngapi. Nilirudi. Nilichuma kahawa, nikapogoa migomba iliyokuwa imeachwa, nikaanika. Kila asubuhi nilimpeleka binti yangu uwanjani, nikamwona kwa mbali amekaa kwenye jamvi lake, uso wake wazi, wa mwalimu wazi, na kati yao upepo. Mjukuu wa mjane alikaa jamvi la jirani na barakoa yake yenye alama nyekundu. Hakuna aliyemcheka, na yeye hakumcheka mtu.

Maneno yalirudi, lakini moja moja, kama mwanzo. Wengine wa umri wake walikuwa wakisimulia hadithi nzima na kudanganya vizuri. Wangu alikuwa akisema "ndizi". Akisema "hapana". Nilianza kuogopa kimoyomoyo kwamba nimemtenga na bibi yake kwa ajili ya maneno machache tu, na kwamba kama mama akiugua, kijiji kizima kitanitazama. Yeye mama hakuonyesha wasiwasi. Kila asubuhi alitoka mlangoni kwake akamsalimia mjukuu kwa sauti kutoka ng'ambo, salamu ndefu zote za Kihaya, kama anamsalimia mtu mzima, na akangoja jibu. Mtoto alimpungia mkono. Mama aliendelea kungoja kidogo, kisha akaingia ndani kujipikia uji.

Kahawa niliianika katikati ya kiwanja, kwenye turubai refu, na bila mtu kusema lolote turubai likawa mpaka. Upande wa huko ulikuwa wa bibi, upande wa huku wetu. Tuliigeuza kahawa kila mmoja kutoka upande wake, mama kwa fimbo ndefu, mimi na mtoto kwa mikono.

Siku moja wakati wa adhuhuri wingu lilipanda kutoka ziwani, jeusi, la ghafla kama yalivyo ya kwetu. Mwenye kahawa juani hasubiri wingu kama lile. Nilikimbia kushika kona za turubai, na mama naye akatoka mbio na kitenge kimemfunika mdomo nusu nusu, akashika kona yake, akaivuta, na katika kuivuta akapita mwisho wa turubai akaja mpaka upande wetu, hatua mbili tu kutoka kwa mtoto.

Binti yangu alisimama mbele yake. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja mbele.

"Bibi, rudi kwako," alisema. "Huku ni kwetu."

Mama alisimama na kona ya turubai mkononi. Mimi niliachia ya kwangu. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka kwenye kahawa, makubwa, na wala hatukuigusa, watu wazima wawili tuliokulia kwenye kahawa.

"Anasemaje?" mama akaniuliza, ingawa alisikia.

"Anasema urudi kwako."

"Nyumba ni yangu," mama akamwambia mtoto.

"Rudi kule," akasema mtoto, na akaonyesha, na safari hii kidole kilifuata maneno badala ya kuyatangulia.

Mama akarudi kinyumenyume mpaka ng'ambo ya turubai, akipandisha kitenge vizuri juu ya pua, macho yamejaa maji. Mjane alikuwa anapita barabarani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anakimbilia mvua, na mama akamwita kwa nguvu zote za kifua chake kibovu.

"Umesikia? Nimefukuzwa kwenye kiwanja changu mwenyewe!"

Mjane akasimama kwenye mvua. "Na nani?"

Mama hakumjibu. Alinigeukia mimi, akiwa amelowa, kahawa ikilowa kati yetu.

"Tata," alisema, "mwambie anifukuze tena."